Pampu Iliyoota Miguu

"Basi niambie, Mama! Pampu iliota miguu? Ilijivalisha viatu ikaondoka yenyewe?"

Binti yangu alikuwa amesimama katikati ya chumba, kitambaa cha kichwa kimemwangukia begani, hana habari nacho. Ilikuwa wiki ya tatu tangu tumzike mwanawe, mjukuu wangu, yule tuliyemwita Upepo.

"Fundi Taratibu hakuiuza," nikasema.

"Mtetee tu! Boksi la pampu mpya nililiona kwa macho yangu, hapo juu ya kabati, likingoja kupelekwa kwake. Halafu gari la mwanangu linapinduka, linafunguliwa tangi, tunakuta pampu ile ile kuukuu. Mpya iko wapi? Kaiuza! Leo anahama, na aende salama. Ila mlango wangu huu asiukanyage."

Nikageuza macho kuelekea jikoni. Mimi huyu, ambaye hata nikiwa na homa mdomo haulali.

Huyo Taratibu namjua tangu akiwa tumboni. Alichelewa kuzaliwa miezi mitatu, na mkunga akasema mtoto alikuwa anakagua njia kwanza. Msinibishie, nilikuwepo. Karakana yake iko ng'ambo ya barabara, mabati mawili na shimo la kushukia chini ya gari. Kila skrubu anayofungua anaiweka kwenye kifuniko chake cha chupa, na vifuniko anavipanga mstari kama watoto wa shule. Kabla ya kushika bomba la petroli ananawa mikono kama anayekwenda kula. Watu wakimfokea kwamba anachelewa, hujibu, "Gari halijui haraka yako, mzee wangu."

Upepo alipotaka kufungiwa mtungi wa gesi ya kuongezea injini nguvu, gari likimbie kwenye mashindano ya magari, Taratibu alikubali kwa sharti. Nilikuwa nimekaa pale kwenye tairi lake, namenya viazi. Akanigeukia.

"Bibi, ukipuliza jiko si moto unakuwa mkali?"

"Mimi nikipuliza jiko, hata majirani wanaivisha."

Akacheka. "Basi gesi hii ni kupuliza. Lakini ukipuliza sana na petroli ni kidogo, moto unaacha kupika unakula sufuria. Ndiyo maana namwekea mabomba mapana, nozeli kubwa za kunyunyizia petroli, na pampu ya petroli yenye nguvu akiniletea. Mtungi nimeufunga koki. Bila pampu, haufunguliwi."

Nilimsikia. Masikio yangu ni mazima. Lakini moyo ulichukua neno moja tu, pampu. Nikajiambia, kumbe gari bila pampu ni kuku bila miguu. Nikiificha, mtoto hatakwenda popote.

Nikaificha.

Upepo aliitafuta siku mbili, mpaka chini ya godoro langu. Nikamwambia panya mmoja mwenye leseni ya udereva alipita akaibeba. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Bibi wewe, muongo wa Mungu!" Siku ya tatu ikawa ndiyo ya mashindano. Akaenda na pampu kuukuu, na mtungi akaufungua mwenyewe. Moto ukala sufuria, injini ikanoki, ikakwama gari likiwa kwenye mwendo mkali, likabingirika. Kicheko kile cha sakafuni ndicho cha mwisho nilichompa.

Na Taratibu? Alisema mara moja tu, "Pampu haikuletwa kwangu." Hakuna aliyemsadiki. Hakurudia. Alianza kusema kosa ni lake, angeung'oa ule mtungi. Wateja wakamkimbia. Vifuniko vyake vya chupa vikakaa vitupu.

"Mwanangu," nikamwambia binti yangu, "pampu niliificha mimi."

Akaniangalia, akatoa kicheko kibaya. "Na yule chatu uliyempa nauli? Na ile mvua ya samaki? Mama, leo si siku ya hadithi zako. Nakuomba."

Hapo ndipo nilipojua uongo una bei. Miaka sabini nimewachekesha watu, na kweli moja niliyo nayo haina wa kuipokea.

Nikaenda jikoni. Nikaingiza mkono kwenye pipa la unga mpaka kwenye kwapa, nikalitoa boksi, nikaliweka mezani mbele yake. Unga ukatuama kwenye kitambaa cha meza. Yeye hakuligusa. Alilipangusa kwa pumzi tu, akainama.

"Kuna maandishi," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto mdogo.

Mimi na maandishi hatujawahi kusalimiana. "Yanasemaje?"

"Ni mwandiko wake." Akafuta unga uliobaki kwa ncha ya kitambaa chake. "Ameandika, 'Bibi, usiguse.'"

Alijua sijui kusoma. Alikuwa ananitania, mjukuu wangu.

Binti yangu akainua uso polepole. Nilikuwa nangoja anipige, na ningemshukuru. Akafungua mdomo. "Mama, kwa hiyo wewe ndiye—"

"Hodi," ilisema sauti mlangoni. Taratibu, begi begani, ametandaza kiganja chenye funguo za gari la Upepo. "Nimekuja kurudisha hizi, dada, kabla sija..."

Macho yake yakaangukia mezani, kwenye boksi la pampu.