Risasi Kwenye Ungo

Kaka yangu aliposikia kwamba maji ya kisima chetu cha Bigwa yana risasi, aliuliza nani kafyatua. Mkewe akacheka huku ameshika tumbo, ambalo lilikuwa limeanza kuonekana. Mimi sikucheka. Mtaalamu aliyepima visima vya mtaa alikuwa ametueleza: jirani na kwetu watu waliwahi kuyeyusha betri chakavu za magari, na ile metali nzito iliyomo, risasi, ilikuwa imeshuka ardhini. Maji ya kunywa tukawa tunachota kwa jirani mwenye bomba.

Jambo kama hilo likiniingia kichwani halitoki. Kemia sikuisoma zaidi ya sekondari. Mengine nimeyaokota kwenye simu. Huko nilisoma kwamba chembe za udongo wa mfinyanzi huvuta metali kama risasi na kuing'ang'ania. Nikaagiza udongo kutoka Kinole. Nikawa nautia kwenye ndoo ya maji ya kisima, nakoroga, naacha utuame, nachuja kwa kipande cha kanga. Ndoo nisiyoridhika nayo nilirudia. Nilirudia nyingi. Hakuna aliyeyanywa maji yale. Nilitaka tu yapimwe tena.

Udongo mpya niliumega kwa vidole nikauanika kwenye ungo mmoja, uliokwisha kunyonya risasi kwenye mwingine, mbali, ukauke niufungie kwenye kopo.

Siku moja nilikuwa mjini, mvua ikateremka kutoka milimani. Wifi akafanya ambacho mtu mwema yeyote angefanya: akaanua vya mwenzake. Niliporudi nilikuta ungo mmoja tu barazani, umejaa.

"Wifi, ule mwingine?"

"Nimechanganya. Si udongo ule ule?" Alikuwa anatafuna. "Ila wa sokoni mtamu kuliko huu wako."

Nilikuwa nimesahau kwamba mjamzito akiona udongo mkavu kwenye ungo, anaona kitafunwa.

"Tema."

"Nimeshameza kidogo. Kwani vipi?"

"Tema, wifi, nakuomba."

Akatema kiganjani. "Nimekula risasi?" Safari hii hakucheka.

Nikamwomba kipande kilichobaki. Alikifungua kutoka kwenye pindo la kanga, nikakigeuza mlangoni penye mwanga. Udongo uliotumika hubaki na alama za nyuzi, kwa sababu naukamulia kwenye kitambaa. Huu ulikuwa na alama za vidole vyangu tu. Nikamwambia ni mpya. Halafu, kwa jinsi nilivyo, nikamwambia sina uhakika, labda vumbi la ule mwingine limeushika.

"Umenitoa hofu, sasa unanirudishia," alisema.

Asubuhi tulikwenda zahanati. Muuguzi alisikiliza yote bila kutugombeza, akaagiza damu yake ipimwe, akamwambia aache udongo wote, hata wa sokoni. Majibu yalichelewa. Siku zote hizo wifi ndiye aliyenibembeleza mimi nile. Alikuwa na kila haki ya kunilaumu, na hakunilaumu. Aliniwekea chakula, akakaa mpaka nimalize. Nyumba ngapi zingenivumilia mimi na ndoo zangu?

Majibu yalikuja mazuri. Nililia kuliko yeye. Alinitazama, akalipapasa tumbo lake.

"Huyu akizaliwa na wasiwasi," alisema, "hatutauliza. Kamrithi shangazi yake."