Belo la Mheshimiwa

Juzi, stesheneri moja ya Tabora mjini, nilikuwa nasubiri kutoa kopi huku nikitazama saa kila dakika. Mbele yangu mama mmoja, mkulima wa tumbaku kutoka Sikonge, alikuwa ameweka mezani kijitabu cha kazi za mbunge wao, picha tupu, karatasi zinang'aa.

"Mwanangu, nitafutie siku ile ya kura ya bajeti. Alijibu ndiyo au hapana?"

Binti wa kompyuta akacheka. "Mama, si kazi zake zote zimo humu?"

"Hata belo la tumbaku juu huwa zuri. Mteuzi, anayepanga madaraja sokoni, huchomoa majani ya katikati."

Binti akatafuta kumbukumbu za Bunge mtandaoni. Wabunge waliitwa mmoja mmoja. Kidole kikasimama. "Hakuwepo, mama."

"Alikuwa wapi?"

Akapekua kijitabu, akalinganisha tarehe. "Alikuwa kwenu, anagawa jezi."

Mama akainamia picha ya jezi, akaigusa kwa kidole. "Huyu anayepiga vigelegele ni mimi," akasema.

Hasira zikanipanda, nikatafuta wa kumlaumu. Sikwenda mbali: picha hiyo niliipiga mimi, na ni mimi niliyemwambia Mheshimiwa atabasamu.