Ng'ombe Aliyekwama Asilimia Tisini na Tisa

Kwa miaka sita Kornelia alisimama mbele ya mashine ya fotokopi katika duka la uchapaji karibu na hospitali ya Mawenzi, mjini Moshi, akitoa nakala za vitambulisho vya watu wanaoilaumu mashine kwa sura zao. Mwezi uliopita bosi wake, Mzee Wenseslaus, alimhamishia kwenye kompyuta ya kupanga kurasa. Kwa majaribio, alisisitiza bosi, kidole juu.

Alianza na vijitabu vya ibada za mazishi. Akavimudu. Halafu ikaingia kazi ya watu wazima: kurasa arobaini za Mwongozo wa Ng'ombe wa Maziwa, mali ya kikundi cha wafugaji wa Machame. Katibu wa kikundi ni Mama Elinipendo, mwalimu mstaafu, ambaye bado anatembea na kalamu nyekundu kwenye mkoba.

Rasimu ya kwanza Kornelia aliituma kwa WhatsApp. Zikarudi jumbe za sauti hamsini na mbili. "Pale chini, mwanangu, karibu na kiwele, toa lile neno." Kiwele kipo kwenye kurasa kumi na moja. Neno lenyewe halikutajwa.

Ndipo Kornelia akasema safari hii atatuma linki ya ukaguzi. Ile programu ya kupanga kurasa inayo: unabonyeza, inakupa linki, mkaguzi anaifungua kwenye simu yake, anagusa neno lililomkera na kuandika maoni hapo hapo. Mzee Wenseslaus akaipenda sana, akampigia Mama Elinipendo kumwahidi kabla hata haijajaribiwa.

"Ijumaa saa sita mchana linki iwe imefika," akamwambia Kornelia. "Isipofika, kazi inakwenda Arusha, na wewe unarudi kwenye fotokopi."

Jumatano asubuhi Kornelia akabonyeza. Kiduara kikazunguka: hamsini, themanini, tisini na tisa. Kikasimama. *Imeshindikana. Jaribu tena baadaye.*

Akajaribu baadaye. Akajaribu baadaye ya baadaye. Akanunua bando jipya, akazima na kuwasha kompyuta, akahamia mtandao wa jirani muuza vipodozi, aliyemdai soda. Tisini na tisa. Imeshindikana.

Mimi nilikuwa meza ya pili nikibana vitabu pini, nikaona ni wajibu wangu kusaidia. "Dada Kornelia, wewe ni mtu wa Mkuu, Rombo. Programu imejua. Haiwezi kukukabidhi ng'ombe wa watani wako, Wamachame."

"Bana pini zako," alisema bila kugeuka. "Na ukibana kidole, usiniite."

Akachukua kijitabu cha mazishi cha wiki iliyopita, akakibonyezea linki. Nusu dakika, kikapita. Akachukua cha marehemu mwingine. Kikapita. Akarudi kwa ng'ombe. Ng'ombe akakwama.

"Marehemu wanapita," nikasema, "mzima mwenye miguu minne anakwama."

Alikuwa amefungua daftari na anaandika kila jaribio. Alitoa picha zote: amekwama. Alibakiza kurasa tano: amekwama. Alhamisi mchana akafungua faili jipya, ukurasa mmoja mweupe, usio na herufi wala nukta, akauhifadhi, akaubonyezea linki. Tisini na tisa. Imeshindikana.

Hapo alisukuma kiti nyuma. "Haina kitu! Sasa inakwama na nini?"

Mzee Wenseslaus akatoa kichwa ofisini. "Kornelia, mashine haina akili. Ikikataa, ujue imeambiwa vibaya."

"Bosi, inakataa pale pale kila mara. Ingekuwa mimi nakosea, ningekosea tofauti tofauti."

"Kesho saa sita," bosi akasema, na kichwa kikarudi ndani.

Akawaandikia watengenezaji wa programu. Aliwaeleza hatua kwa hatua: fungua faili jipya, hifadhi, bonyeza linki ya ukaguzi, itakwama tisini na tisa. Niliisoma ile barua. Ilikuwa imenyooka kiasi kwamba hata mimi ningeweza kukosea vizuri kwa kuifuata.

Jibu likaja Ijumaa saa nne. Mpendwa mteja, tumefuata hatua zako zote, kwetu linapita bila tatizo. Tafadhali hakikisha mtandao wako ni imara. Chini yake waliweka picha ya kioo cha kompyuta yao, ithibati kwamba Moshi ndiko kwenye ujinga.

Kornelia akaiangalia ile picha. Akaikuza. Akaikuza tena.

"Njoo. Soma hapa juu. Faili lao linaitwaje?"

"Test."

"La kwangu hili jeupe?"

"Ng'ombe jaribio."

"Na mwongozo?"

"Ng'ombe wa Maziwa, toleo la pili."

"Na wale marehemu?"

Marehemu walikuwa na majina yao ya ubatizo, safi, bila kile kikoma cha juu ambacho walimu hukiita ritifaa. Akafuta kikoma kwenye jina la lile faili jeupe. Likapita. Akakirudisha. Likakwama. Akakifuta kwenye jina la mwongozo, nao ukapita na kurasa zake arobaini, na picha zake, na viwele vyake vyote kumi na moja. Sekunde arobaini, linki hii hapa. Saa tano na robo.

Tulipiga kelele hadi muuza vipodozi akaja kuuliza nani kafariki.

Mzee Wenseslaus akatoka, akaelezwa, akatingisha kichwa. "Yaani kikoma? Siku tatu, Kornelia, kwa kikoma?"

Nikaona uso wa Kornelia umebadilika. Siku tatu za daftari zilikuwa zinageuzwa kosa lake mwenyewe. Akainuka kwenye kiti.

"Kaa hapa, bosi. Kwenye jina la faili andika ng'ombe."

Bosi akaandika, kwa kidole kimoja.

"Bonyeza."

Tisini na tisa. Imeshindikana.

"Toa kikoma. Bonyeza."

Ikapita.

"Rudisha."

"Nimeelewa, Kornelia."

"Rudisha, bosi."

Akarudia mara tatu, jasho likimtoka kwenye paji la uso. Mara ya tatu ilipokwama, yeye mwenyewe ndiye aliyeitukana ile programu, kwa Kichaga. Kisha akasimama, akampisha kiti. "Kaa. Fotokopi nitaitafutia mtu."

Kornelia akakaa. Akamtumia Mama Elinipendo linki, kisha akawaandikia tena watengenezaji. Safari hii walijibu upesi: ni kweli, tatizo wameliona, litashughulikiwa katika toleo lijalo, kwa sasa mteja aepuke alama zisizo za lazima.

"Zisizo za lazima!" Kornelia akaiambia kompyuta. "Kazi yangu nzima ni ng'ombe!"

Saa sita kasoro dakika nane, maoni ya kwanza yakaingia. Mama Elinipendo hakuwa amefika hata kwenye jalada. Aliishia kwenye jina la faili.

*Mwanangu, 'Ngombe'? Darasa la pili ulisomea wapi?*

Kornelia akaandika maelezo marefu, yenye kiduara, asilimia na watengenezaji. Akayasoma. Akayafuta yote.

*Shikamoo mama,* akaandika. *Maoni tumeyapokea. Endelea na ukurasa wa kwanza.*