Mafua ya Upande Mmoja

Pale karakana hakuna aliyemwita shemeji yangu kwa jina lake. Alikuwa Msasa. Wengine walipasua mbao, wengine walichonga na kuunga, lakini kiti kikishasimama kwa miguu yake kilipelekwa kwake, karibu na dirisha lisilo na kioo. Alikisugua kwa msasa mnene, kisha mwembamba, kisha ule laini unaokaribia kuwa kitambaa, halafu akapitisha kiganja juu ya mbao huku amefumba macho. Mteja akianza kukagua sana, mwenye karakana alimwambia, "Kalia ukiwa umevaa hariri. Kikishika uzi, nirudishie."

Hiyo ndiyo kazi yenye vumbi baya kuliko zote. La msumeno ni zito, linaanguka chini na kufagiwa. La msasa ni kama moshi. Linaning'inia hewani, linaingia kwenye chai, linakaa kwenye kope. Asubuhi Msasa alijifunga kitambaa puani. Joto likizidi alikishusha shingoni, na shingoni kikabaki mpaka jioni. Dada yangu, mkewe, alimpokea mlangoni na ndoo ya maji. "Oga kwanza," alimwambia. "Mimi niliolewa na mtu, silali na gogo."

Kwa mafundi wale, mafua lilikuwa neno la kila kitu. Pua ikichuruzika, mafua. Ikiziba, mafua. Kichwa kikigonga juu ya nyusi, mafua yamepanda. Wote walikuwa nayo mwaka mzima, na asiyepiga chafya alitaniwa kuwa mvivu. Kwa hiyo pua ya kushoto ya shemeji ilipoziba na kugoma kuzibuka, hakuna aliyegeuka kumtazama. Alijifukiza, akapaka dawa za kuchoma, akatia matone. Ilikuwa kazi bure. Akaanza kulala mdomo wazi, akikoroma kama msumeno wenye meno mabovu.

Dada ni mshonaji, mtu wa kupima kabla ya kukata. Alikwenda duka la dawa akaeleza yote. Mama muuzaji akamtolea kibirika kidogo cha plastiki chenye mdomo mrefu.

"Cha kuoshea pua," alisema. "Maji uyachemshe hasa, uyaache yapoe yawe vuguvugu. Usichukue ya bomba hivi hivi, hata yang'ae kama kioo. Puani si tumboni. Tia chumvi safi, nusu kijiko cha chai kwa kikombe kikubwa. Ainame juu ya beseni, alaze kichwa upande, apumue kwa mdomo. Yakiingia tundu la juu, yatoke la chini. Na yasipopita, msilazimishe, wala msirudi kwangu kununua kingine. Mpeleke hospitali."

Neno hilo la mwisho dada alilifikisha nyumbani kama alivyolipokea. Lilikuwa kosa kubwa. Kaka yake Msasa, naye fundi, aliingia hospitali kwa miguu yake akatoka juu ya mabega ya watu. Tangu hapo shemeji hakupita hata barabara ya hospitali. Alikuwa tayari kuzunguka soko zima.

"Sasa mnataka kunimwagilia kama bustani," alisema alipokiona kibirika.

"Bustani ingekuwa na faida. Inama."

Aliinama juu ya beseni bafuni, akalaza kichwa, tundu la kulia juu. Dada akamimina taratibu. Walisubiri. Tundu la kushoto halikutoa hata tone. Maji yalikusanyika, yakashuka kooni, na Msasa akaruka akikohoa, macho yamemtoka.

"Unataka kuniua nikiwa nimesimama!"

"Ulipumua kwa pua."

"Pua ipi? Ningekuwa na pua ya kupumulia tungekuwa hapa?"

Wakapunguza chumvi. Wakabadili mlalo wa kichwa. Wakajaribu tundu la kushoto, maji yakajaa na kumrudia usoni. Mwishowe Msasa akakitupa kile kibirika kwenye beseni. "Kibovu hiki. Tundu lake si sawa."

Dada alikiosha, akajaza maji mengine yaliyochemshwa, akainama mwenyewe. Alipomimina upande mmoja, maji yalitoka upande wa pili kwa utulivu kabisa, kama bomba lililofunguliwa kidogo. Akajifuta uso. Walitazamana kwenye kioo.

"Pua zenu wanawake ni pana," Msasa alisema hatimaye. "Ndiyo maana mnasikia harufu za mambo yasiyowahusu."

Dada alicheka, lakini alipokuwa akinisimulia baadaye alisema kicheko kile kilimkwama.

Kuanzia kesho yake Msasa alitaka kuosha peke yake. Mtu mzima haoshwi pua kama mtoto, alisema. Alifunga mlango wa bafu. Maji yakasikika yakitiririka kwenye beseni. Kisha akatoka akijifuta kwa taulo.

"Yamepita?" dada aliuliza.

"Yamepita."

Ikawa ndiyo salamu yao ya asubuhi. Dada alichemsha maji, akayapoza, akapima chumvi kwa ile mikono yake ya kupima. Alimshukuru Mungu, akampelekea salamu mama wa duka la dawa. Alipoona doa la damu kwenye mto, mumewe alimwambia ni ukavu wa pua, chumvi hukausha. Jicho la kushoto lilipoanza kutoa machozi bila kilio, aliambiwa ni vumbi. Shavu la kushoto likafa ganzi. Msasa alijikata shavuni akinyoa asijue mpaka damu ilipofika kwenye shati. Kisha jino la juu, upande uleule, likaanza kucheza. Akaenda kung'olewa. Kwa daktari wa meno alikuwa haogopi, kwa sababu, alisema, hajasikia mtu aliyezikwa na jino. Pengo halikufunga. Alitafuna upande wa kulia na kunyamaza.

Pale karakana utani uliendelea. "Msasa siku hizi analia akiagana na kiti," mpiga vanishi alisema. "Amekipenda."

"Nalilia vanishi yako," Msasa alijibu. "Namsugua bibi harusi, wewe unampaka matope."

Asubuhi moja dada alisahau kumwekea taulo, akaenda kumpelekea. Mlango wa bafu ulikuwa umerudishwa tu. Alimkuta mumewe amesimama wima, kichwa hakijalala popote, akimimina kibirika chote ndani ya beseni polepole, kwa uangalifu, ili sauti iwe ileile.

"Yamepita?" dada aliuliza nyuma yake.

Msasa hakugeuka. Dada alisema aliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo.

Hakumgombeza. Alikichukua kibirika, akakijaza tena, akamwinamisha kwa mkono shingoni. Safari hii alimimina tundu la kushoto. Maji hayakutoka puani kabisa. Yalitokea mdomoni, kwenye pengo la jino, yakiwa na utando wa damu.

Siku hiyohiyo walikuwa hospitali. Dada alimshika mkono njia nzima, na hakuna aliyezunguka soko.

Daktari wa pua na masikio alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo. Alimulika puani, akabonyeza shavu, akatazama pengo. "Imeanza lini?"

"Ni mafua tu," Msasa alisema. "Yamekaa kidogo."

"Mafua hayachagui upande, baba. Upande mmoja ukiziba na kutoa damu namna hii, tunaacha kuyaita mafua."

Alikata kinyama kidogo kikapimwe. Majibu yaliporudi aliwaeleza kwa uwazi, maana dada alimwomba asizunguke. Ilikuwa saratani, imeota kwenye uwazi ulio nyuma ya shavu. Vumbi la mbao ngumu, likivutwa miaka mingi, huweza kuileta. Ilikuwa imekula mfupa wa taya la juu na kuanza kusukuma jicho. Ingebidi waondoe nusu ya taya, sehemu ya kaakaa, na jicho.

"Na tungekuja pua ilipoziba mwanzoni?" dada aliuliza.

Daktari alisita. "Jicho, pengine, lingebaki."

Walipotoka koridoni Msasa alikaa kwenye benchi, mikono kwenye magoti. "Nilidhani nikiendelea kusema yamepita," alimwambia mkewe, "kuna siku yatapita."

Alikubali kukatwa. Sasa ana kitambaa mahali pa jicho, na kaakaa la plastiki analovaa ili chakula kisipande puani. Hata akilivaa, maneno yake mengi huvujia njiani. Anayemwelewa vizuri ni dada peke yake. Saratani yenyewe hatujui kama imeisha; wanaenda kupimwa, na wakirudi hawasemi mengi.

Alipopata nguvu ya kutembea aliomba apelekwe karakana. Mashine zikazimwa. Mafundi wakasimama, kila mmoja akitafuta pa kuweka macho. Hakuna aliyekuwa na utani. Msasa alimwendea mmoja baada ya mwingine, akamziba tundu moja la pua kwa kidole gumba, akaonyesha kwa mkono, pumua. Kisha akaziba la pili. Walimwachia, kama mtu anavyomwachia mgonjwa. Wote walipumua, wengine kwa kukwaruza, mpaka alipofika kwa mpiga vanishi. Alipomziba tundu la kulia, hewa haikutoka.

Msasa akaziba tena. Kimya.

"Ni vumbi tu, mzee," mpiga vanishi alisema, akijaribu kutabasamu.

Msasa alisema kitu, kwa nguvu, mate yakamtoka. Wakatazamana. Akarudia. Hawakuelewa.

"Anasema twende hospitali," dada alisema. "Sasa hivi, si kesho."

"Shemeji, nina meza sita zinasubiri. Kesho, Mungu akipenda," mpiga vanishi alimjibu.

Mwenye karakana alikohoa, akaangalia saa. Mtu akawasha msumeno. Msasa hakubishana tena. Alivuta kipande cha mbao mpaka penye mlango na kukaa juu yake, akimkazia mpiga vanishi jicho lake moja. Daktari alikuwa amemkataza asikanyage penye vumbi. Dada aliketi pembeni yake, akavua mtandio wake, akamfunga puani na mdomoni, akakaza fundo. Wakasubiri hapo wawili, vumbi likiwashukia mabegani.