Ngoma Nilizozifuta

Mwanangu, ingali wazi kichwani mwangu siku ile nilipomsikia mwendesha pikipiki mmoja huko Bulengera akipiga mluzi wimbo wangu. Wimbo ule haukuwa umetoka! Ulikuwa wa albamu yangu ya kwanza ya peke yangu, baada ya miaka saba ya kupiga roki na bendi, na nje ya studio nakala yake tulikuwa nayo wawili tu: mimi na Kambale, mpiga ngoma, rafiki yangu tangu shule.

Nikajisemea, kikulacho ki nguoni mwako. (Methali nayo hukata pande mbili, lakini ujana hauulizi.) Tangu hapo kila alichofanya kilininukia. Akicheka, ananicheka. Akinyamaza, anaficha. Aliposema anaenda Beni kumwona dada yake, nikaamini anapeleka nyimbo zangu kwa wengine. Sikumwuliza neno. Nilikwenda studio, nikamwambia fundi afute ngoma zake zote, aweke za mashine.

Albamu ikatoka. Kambale aliisikiliza nyumbani kwetu Vulamba, wimbo baada ya wimbo, kisha akasimama.

"Paluku, miye niko wapi humu ndani?"

"Jiulize mwenyewe, mwizi!"

Alichukua kofia yake, akatoka.

Shangazi Masika, aliyenilea, alikuwa mlangoni akichambua maharagwe. Akaniuliza sababu, nikamweleza ule mluzi. Mikono yake ikasimama.

"Weye mutoto! Ile wimbo unaimbaka kila asubuhi ku dirisha, na bamotari na pikipiki zabo banasimamaka pale inje. Hata kuku zangu zinaijua. Donc mwizi ni nani? Ni kinywa yako!"

Nilisikia amekwenda Beni; nikapanda gari, nikamkuta Kambale kwa dada yake, nikamwomba radhi mbele ya watu wote. Alinishika mkono.

"Nimekusamehe," akasema. "Mais kupiga na weye tena, hapana."

Na hajapiga nami mpaka leo. Watu huisifu albamu ile. Mimi sijaweza kuisikiliza hadi mwisho.

Mwanangu, majuto ni mjukuu. Shaka ikikuingia, mwulize mwenzako usoni kabla hujamhukumu moyoni. Swali moja tu lingeniachia rafiki. Mungu akupe subira ya kuuliza na masikio ya kusikia jibu, na wale uliokua nao wazeeke karibu nawe.