Risala ya Choo

Masika yalipofika, choo cha mtaa wetu kambini kilijaa, kikaanza kumwagika. Kinyesi kilitiririka kwenye kijia cha kwendea bombani, kikapita mbele ya turubai letu. Funza walipanda mpaka kwenye ndoo. Mdogo wangu, aliyezaliwa baada ya sisi kuvuka ziwa kutoka Burundi, alikuwa akitambaa humo humo. Tunamwosha, anarudi.

Shangazi yangu, aliyekuwa mwalimu kule nyumbani na sasa kiongozi wa wanawake wa mtaa, alikwenda ofisini mara nne. Kila mara mkuu wa kambi alimjibu bila kuinua kichwa: "Vumilieni, mama. Vifaa havijaja kutoka Kigoma."

Mara ya nne alirudi anacheka, kicheko kibaya. Akawaita wanawake wa mtaa.

"Hawa wakubwa wanapenda nini?" aliwauliza. "Uzinduzi. Basi tuwape uzinduzi."

Ijumaa wageni walikuwa wanakuja kukagua kambi. Asubuhi ile tulifunga utepe wa kitenge chekundu mlangoni mwa choo, tukapanga maua ya porini kwenye makopo ya mafuta ya msaada, na kiti cha mgeni rasmi tukakiweka pale pale ukingoni mwa uchafu. Mkuu wa kambi alipotokea na wageni wake tulipiga vigelegele. Shangazi akasogea na karatasi yake, akasoma kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kirundi:

"Mheshimiwa mgeni rasmi, murakoze, asanteni. Tulipovuka Ziwa Tanganyika tulilia, tukidhani tumeliacha. Kumbe ofisi yako ilikuwa inatuandalia ziwa letu wenyewe, mlangoni. Samaki wake ni wadogo, weupe, wala hawahitaji nyavu. Tunaomba ukate utepe, kisha uwe wa kwanza kuoga."

Akamnyooshea mkuu wa kambi mkasi.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mkuu wa kambi alisimama na leso puani.

"Nani kawafundisha dharau hii?"

"Dharau, bwana mkubwa?" shangazi alijibu. "Sisi tunashukuru tu."

Mgeni mmoja alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akapiga picha, akakwangua viatu vyake kwenye jiwe, akapanda gari.

Kesho yake majembe, sululu na saruji vililetwa. Havikutoka Kigoma. Vilitoka stoo ya kambi, karibu kabisa na kwetu, na mifuko mingine ya saruji ilikuwa imeshaganda kwa kukaa. Nilisaidia kuibeba. Funza niliwazoea, lakini ile mifuko hata leo sijaizoea.

Shimo jipya lilichimbwa kwa siku chache. Shangazi aliitwa ofisini, akavuliwa uongozi wa wanawake. Katika wote waliocheka siku ile, hakuna aliyemsindikiza.

Kisha ukaja uzinduzi wa kweli. Mkuu wa kambi alikata utepe mwenyewe, akasifiwa kwa kutujali. Shangazi alibaki ndani, anachambua maharage. Mimi nilikwenda, kwa kuwa tuliambiwa watakaohudhuria watagawiwa sabuni. Nilipiga makofi kama wenzangu, nikapewa kipande changu.

Nilipokifikisha nyumbani, shangazi alikitazama, akaendelea kuchambua.

"Basi kaitumie," aliniambia. "Anza na hiyo mikono."