Askari wa Kuongeza

Juzi huku ughaibuni, kwenye treni ya kwenda Märsta, nilikuwa namweleza mwenzangu wa kanisani kwamba Marekani ikiondoka Afghanistan sasa, magaidi watatamba.

"Rais wao amelegea," nikasema kwa sauti. "Aongeze askari!"

Mama mmoja Mkenya, aliyevaa sare ya wasafishaji wa uwanja wa ndege, akanigeuzia simu yake. Ilikuwa na picha ya kijana aliyevaa kombati.

"Kaka, huyu wangu yuko huko na jeshi la Marekani. Wiki ya pili hii hajapiga simu. Wewe unaye wa kuongeza?"

Wanangu wako nyumbani kwetu Jakobsberg, wanasoma. Nikainamisha kichwa, nikamwuliza jina la mwanawe nimwombee.

Bado naamini Marekani isirudi nyuma. Ila sasa nikiomba ushindi, jina lile linatangulia, na sala inanishinda kumaliza.